Nani alinigeuzia jua?

Kasongo, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, jioni. Mvua ilinyesha, ikaacha. Matope kila pahali. Kichwa changu leo kiko sawa kitunga kilichopinduliwa: vyote vilivyokuwa ndani vimemwagika, na sijui nianze kuokota nini.

Wewe shajara hujibu. Ndiyo sababu ninakupenda. Watu wa hii nyumba wanajibu sana.

Sikusoma, na sitajifanya. Anayeandika ni mujukuu wangu Sifa. Mimi ninasema, yeye anapiga telefone yake na vidole viwili sawa kuku anayedonoa mchele. Amerudi vakansi toka chuo kikuu, na ni yeye alisema: Koko, maneno yako yasipotee hewani, tuyaweke pahali watu watayasoma. Nikamuuliza, watu gani? Akasema, watu tu. Basi ninyi watu, musinirekebishe kinywa. Na wewe Sifa, andika kila neno, hata lile la kukutukana, mutoto mwenye miguu ya korongo.

Nimemwambia anisomee. Ameandika. Mutoto muzuri.

Neno lenyewe ni hili: hapa Kasongo jua linatokea upande mubaya.

Musicheke.

Nilizaliwa Wamaza, nikaolewa Wamaza, nikamuzika mume wangu Wamaza, nyuma ya nyumba, karibu na michikichi. Maisha yote sikupotea. Mu pori, mu mashamba, mu ukungu wa asubuhi pale huoni hata vidole vya miguu yako, nilijua nyumba yangu iko wapi sawa unavyojua kinywa kiko wapi wakati wa kula. Wanawake wengine wakipotea ku kuni, walikuwa wananituma mimi niende kuwatafuta. Nilikuwa nawakuta wanalia, nawagombeza, nawapa muhogo, narudi nao.

Kisha mvua za kwanza za mwaka huu zikaniletea homa. Mutoto wangu Pasikali, anayechimba dhahabu kule Lusangi, akatuma pikipiki inichukue, inilete huku Kasongo kwa muke wake Feza, karibu na madaktari. Wakanifunga na kitenge ku mugongo wa dereva sawa mutoto muchanga. Wakanifunika bashi, turubai lile la plastiki, juu ya kichwa sababu ya mvua. Njia sikuiona. Niliona mugongo wa yule dereva, basi. Pengine nilitetemeka, pengine nilisinzia. Pikipiki ilizunguka vidimbwi, ikateleza, ikarudi nyuma, ikapita kando. Tukafika. Ninakumbuka moshi. Ninakumbuka mikono ya watu inanishika makwapani. Ninakumbuka mukeka.

Nilipoamka homa imekwisha, nikatoka nje, nikaona jua linapanda pale linapopaswa kushuka.

Nilirudi ndani nikakaa.

Mimi si mujinga. Ninajua jua ni lile lile, halikuhama kwa ajili ya muzee mumoja. Ni mimi. Lakini kujua hakusaidii kitu. Asubuhi nikiliona, mikono yangu inataka kufunga kuku ndani. Jioni likizama, mwili unasema amka, chukua jembe. Ninauambia mwili, nyamaza. Hausikii. Umekuwa sawa mutoto wa watu.

Ngoja niseme yale ya siku ya Mungu, mbele Feza hajaanza kuyasema yeye na chumvi yake.

Njia ya nyumba yetu inatoka ku njia kubwa. Ukifika pale, kanisa liko mukono wa kuume, musikiti uko mukono wa kushoto. Neno dogo hilo, hata mbuzi analijua. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikafika pale, kichwa kikasema: kanisa huku. Nikakifuata. Nikatembea, nikatembea, nikaimba kidogo ndani ya moyo, nikafika ku mulango wa musikiti. Pale anakaa mama mumoja anayeuza mandazi, jina lake Mama Zaina. Akanitazama na kitenge changu cha kanisa, na msalaba wangu ku shingo, akasema: «Karibu, Koko. Tulikuwa tunakungoja.» Akacheka mpaka ndazi moja ikaanguka mu majivu. Kisha akanipa maji, akanishika mukono, akanirudisha mpaka ku kiwanja chetu. Ana roho nzuri, ana kinywa kirefu. Kufika jioni, muji wote ulijua kwamba Koko wa kwa Pasikali amegeuza dini.

Habari ikafika Lusangi. Pasikali akapiga telefone. Hakusema na mimi, alisema na muke wake, lakini ile telefone ina sauti kubwa.

«Mama amezeeka kichwa. Asitoke peke yake. Akipotea tena mara moja tu, nunua kadena, ufunge mulango wa kiwanja.»

Kadena! Mimi! Ule mulango wa kiwanja ni mabati mawili na muti mumoja, ninaweza kuuangusha na kitako. Lakini nilijua kwamba kadena ikifungwa mara moja, haifunguliwi. Nimewaona wazee waliofungiwa hivyo. Wanaanza kutazama ukuta. Kisha ukuta unaanza kuwatazama.

Hiyo ndiyo hofu yangu. Mengine ni maneno.

Hapana, ninasema uongo. Kuna hofu nyingine.

Kila jioni ninasimama nyuma ya jiko, ninatazama upande wa Wamaza, ninamupa Baba Pasikali habari za siku. Ni mume wangu yule marehemu. Ninamwambia nani amezaa, nani amegombana, sombe ya majani ya muhogo ilikosa mawese, vitu hivyo. Sifa alipofika vakansi akanikuta pale.

«Koko, unasema na nani?»

«Na mume wetu, muke mwenzangu. Salimia.»

Kwetu mujukuu mwanamuke ni muke mudogo wa babu yake, ninyi mnaojua munajua. Akasalimia vizuri. Kisha akatazama mbingu, akatazama njia, akanigusa bega polepole.

«Lakini Koko, Wamaza iko nyuma yako.»

Mugongo! Mwezi muzima ninamupa Baba Pasikali mugongo!

Nikageuka. Nikafungua kinywa. Maneno hayakutoka. Ilikuwa sawa kusalimia ukuta wa jirani. Kule Sifa anakosema ni kweli, moyo wangu haumuoni mutu. Kule moyo unakomuona, Sifa anasema hayuko. Toka siku ile sikumusalimia tena. Nilikuwa naosha sufuria na kuingia ndani.

Sifa akaona nimenyamaza. Akakaa na mimi tukimenya muhogo, akaanza kunieleza vitu walivyofundishwa. Nitavisema sawa nilivyovisikia; kama vimeharibika njiani, ni mimi nimeviharibu.

Anasema mu kichwa cha panya kuna tembe ndogo ndogo za bongo, ndogo kuliko unga. Kila moja inapenda upande wake. Panya akitazama ku jua kutoka, moja inasema. Akigeuka kidogo, ile inanyamaza, jirani yake inasema. Akigeuka tena, jirani wa jirani.

«Wazia, Koko, watu wamekaa kuzunguka moto. Mutu mumoja tu anasema. Ukigeuza kichwa, neno linapita kwa mwenzake wa pembeni. Ukizunguka mwili muzima, neno linazunguka moto wote na kurudi kwa yule wa kwanza.»

«Na nani aliwaona hao watu mu kichwa cha panya?»

«Walitia uzi mwembamba wa chuma.»

«Masikini panya.»

Anasema si panya tu. Popo anao. Ndege anao. Hata inzi anao, tena wake wamekaa mviringo kabisa, sawa pete.

«Inzi?»

«Inzi, Koko.»

«Donc inzi anajua njia kunishinda mimi?»

Akaendelea kumenya muhogo. Mutoto mwenye adabu.

Nikamuuliza: hao watu wa moto, wanajuaje upande gani ni upande gani? Akasema kuna maji ndani ya masikio, ukigeuka yanatikisika, yanawaambia umegeuka namna gani. Na macho nayo yanawasaidia, yanawaonyesha kilima, kanisa, muti, yanasema: tulikaa hivi. Lakini ukifika pahali pageni, umefunikwa, umezungushwa, una homa, wanaweza kukaa vibaya mara ya kwanza. Na wakikaa vibaya, wanakaa vibaya wote pamoja. Hakuna anayemubishia mwenzake. Hivyo huwezi kuona kosa, sababu ndani yako kila mutu anakubali.

Pale niliacha kisu.

Sababu ni hivyo hivyo. Ndani yangu hakuna anayebisha. Jua peke yake ndilo linabisha.

«Wanaamushwa namna gani? Wanakaa upya namna gani?»

Sifa akasema hajui. Wengine wanageuka wenyewe siku moja, wengine hapana. Profesa wake alisema hata wenye kusoma sana bado wanatafuta. Bon. Nilitaka dawa, nimepewa panya.

Sasa sikiliza, shajara, hapa ndipo maneno yanapinda.

Juzi, siku ya ine, Feza alinunua kuku soko, kuku mwekundu, mwenye hasira. Feza ni mukamwana wangu, muke wa Pasikali, lakini si mutu wa huku. Alikuja toka upande wa Uvira na biashara ya samaki mukavu, mutoto wangu akamuona, yakaisha. Anafanya kazi sawa watu wawili na anasema sawa watu watatu. Ninampenda. Simwambii.

Munajua kuku mugeni anafanyiwa nini. Usipomufanyia, kesho amerudi kwa mwenyewe, ao amepotea ku majirani na wanamukula wakiapa hawakumuona. Unamushika miguu, unamuzungusha juu ya mafiga, moto ukiwaka, unamwambia: hapa ndiyo kwenu, kule usahau. Kisha unamufunika na kitunga, umupe mahindi. Akitoka pale ni wako. Mama yangu alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo.

Feza akamushika kuku wake, akaanza kumuzungusha. Kwa kushoto.

«Wee! Unafanya nini?»

«Ninamuzungusha, Mama.»

«Kwa kushoto? Kuku huzungushwa kwa kuume. Kwa kushoto unamupoteza!»

«Kwa mama yangu tunazungusha kwa kushoto, na kuku wa mama yangu hawakutoroka hata mumoja.»

«Sababu walikuwa wanazunguka tu mu kiwanja wakitafuta macho yao!»

Sifa akacheka. Kuku akapiga kelele, kichwa chini, mabawa wazi. Mimi nikataka kumunyang'anya Feza yule kuku. Na hapo mukamwana wangu akasema neno, nafikiri lilimutoka tu, sababu ya hasira:

«Hata wewe nilikuzungusha kwa kushoto, na bado uko hapa!»

Nikarudisha mikono yangu.



Nikamwambia: «Rudia.»

Akamuweka kuku chini ya kitunga. Akapangusa mikono ku kitenge. Akatazama mafiga, hakunitazama mimi.

«Siku ile umefika, Mama. Ulikuwa moto sawa jiwe. Ulikuwa unasema unarudi Wamaza, unarudi Wamaza, hata macho hujafungua. Nikaogopa. Nilisema mu roho yangu, huyu akipona atarudi kule peke yake, atakufa peke yake, sitajua hata nani alimufumba macho. Nikakushika makwapani na dereva, tukakuzungusha ku mafiga. Nikakuambia hapa ndiyo kwenu.»

«Mimi. Sawa kuku.»

«Sawa mama yangu. Yeye alikufa peke yake, sikumuwahi.»

Shajara, niambie wewe. Mutu anafanya nini na neno kama hilo? Nilitaka kumupiga na mwiko. Nilitaka kumukumbatia. Niliingia ndani, nikalala nikitazama ukuta, na wakaniletea bugali, nikakula wote sababu ulikuwa na samaki, lakini sikusema asante.

Nilihesabu hasira zangu kesho yake asubuhi, na zilikuwa kidogo. Mutu aliniiba, ndiyo. Lakini aliniiba ili anichunge. Pasikali anataka kunichunga na kadena. Feza alinichunga na moto. Kati ya hao wawili, mwenye akili ni nani?

Basi jana nikamwita jikoni.

«Feza. Ulinigeuza kwa kushoto. Nigeuze kwa kuume.»

Akatazama Sifa. Sifa akainua mabega.

«Koko, hiyo si vile inavyofanya kazi. Kugeuzwa tu hakutoshi, macho nayo yanapaswa...»

«Wewe umeniletea panya. Acha Feza alete yake.»

Nikasimama karibu na mafiga. Feza akanifunga macho na kitambaa, akanishika makwapani. Mikono ile ile, sasa niliikumbuka. Na pale pale, mbele hatujaanza, hofu ikanikamata vibaya sana. Nikamwambia angoje.

Nilimuuliza Sifa: kama wale watu wangu wa moto wakigeuka wakae vizuri hapa Kasongo, kule Wamaza je? Si watakaa vibaya kule? Kama hapa jua likirudi pahali pake, mlango wangu wa Wamaza, uliokuwa unapokea jua la asubuhi mpaka ku mukeka, hautageuka ukatazama gizani?

Sababu yule kuku tunamwambia maneno mawili. Hapa ndiyo kwenu. Kule usahau. Kwa kuku la pili ni jambo dogo.

Sifa akanishika mukono. Akasema bongo inachunga picha ya kila pahali peke yake, picha ya huku haifuti picha ya kule, panya wanakumbuka masanduku mengi waliyotiwa ndani. Akasema anafikiri hivyo. Nilisikia lile «ninafikiri».

«Geuza,» nikamwambia Feza.

Akanigeuza. Alianza polepole, kisha mimi mwenyewe nikasema kaza, na akakaza, mwanamuke yule ana nguvu ya kubeba magunia. Moshi mu pua, kizunguzungu, kuku anapiga kelele chini ya kitunga chake, Sifa anapiga kelele «Koko, moto! Koko, moto!», na miguu yangu ikakimbia kila mumoja upande wake. Nikaanguka. Namushukuru Mungu, niliangukia Feza, ana nyama. Tukalala pale chini mu majivu, mukwe na mukamwana, tunacheka sawa vichaa, mpaka jirani akachungulia na kuuliza kama ni pombe.

Nikafungua kitambaa. Nikatoka nje. Nikatazama jua.

Upande mubaya. Vile vile.

Nilivunjika moyo, sitaficha. Lakini mutu aliyelima maisha yote hakosi hila. Nilisema: kama kichwa changu kinasema uongo kila mara, basi kinasaidia. Mutu anayedanganya siku zote ni sawa na mutu wa kweli, ukimugeuza. Kichwa kikisema kuume, nitakwenda kushoto. Kikisema kata kona, sitakata. Rahisi.

Leo mchana nikamwambia Feza: nipe muhogo, ninaupeleka ku mashini ya kusaga, ile ya karibu na kanisa. Peke yangu.

Akashika kiuno. «Na Pasikali?»

«Pasikali yuko mu shimo Lusangi. Hana macho marefu hivyo.»

«Mama, ukipotea, ni mimi nitafunga ile kadena. Kwa mikono yangu. Usinifanyie hivyo.»

«Sitapotea.»

Akaniwekea beseni ku kichwa. Akanisindikiza mpaka ku mulango, akabaki pale.

Nilifika ku njia kubwa. Kichwa kikasema: kushoto, Koko. Nikacheka. Nikakwenda kuume. Kanisa lile pale! Mashini ile pale! Nikasagisha muhogo wangu, nikagombana kidogo na watu waliotaka kupita mbele yangu, nikafurahi. Nikafunga unga mu kitambaa, nikauweka mu beseni, nikaanza kurudi, ninatembea sawa mwari.

Mvua ikanikuta njiani, mbele kidogo ya kufika njia ya nyumbani. Nikaingia chini ya bati la duka moja lililofungwa, nikakumbatia unga wangu. Ilikuwa mvua nzito, ile inayofuta kila kitu. Huoni njia, huoni nyumba. Nikafumba macho nipumzike. Nilisikia maji tu. Nafikiri nilisinzia wima, sawa punda.

Kisha ikaacha, nikatoka, nikashika njia. Nikafika ku kona.

Kichwa kikasema: kata hapa.

Nikakiambia: muongo wewe, nimekujua. Sikati.

Nikaendelea mbele.

Nikatembea. Nilijisifu kidogo. Nilisema mu moyo, leo Pasikali ataona. Matope yalikuwa mengi, nilitazama miguu tu. Nilipoinua kichwa, niliona mulango niliokwisha kuuona, na mama mumoja anafunua mandazi yake aliyokuwa amefunika sababu ya mvua.

«Koko!» Mama Zaina akapiga mikono. «Umerudi! Leo unakaa kabisa, ao unapita tu kusalimia?»

Beseni ilinielemea. Niliona kadena mbele ya macho yangu, mpya, inang'aa. Nikageuza uso ili asione machozi, na kule nilipogeuza uso, mawingu yalikuwa yamefunguka chini kabisa, na jua lilikuwa linashuka.

Lilikuwa linashuka pale jua linaposhuka.

Nilitazama. Nikafumba macho, nikafungua. Jua lilikuwa pahali pake. Mukono wangu haukutaka jembe. Mwili ulisema: jioni, Koko, twende tukafunge kuku.

Kichwa kilikuwa kimenyooka. Sijui wapi. Pengine chini ya lile bati, pengine jana mu majivu na kilikawia. Kilisema kata hapa, na kilikuwa kweli, na mimi nikakiita muongo. Nimepotea leo sababu sikupotea.

«Mama Zaina,» nikasema, «nipe ndazi moja. Nitakulipa na maombi, ya kwetu.»

«Nikusindikize?»

«Hapana. Najua.»

Na nilijua. Shajara, nilijua! Niligeuka na nyumba ikanivuta sawa kamba ya mbuzi. Sikuhesabu kona, sikufikiri, nilikula ndazi yangu. Nilipofika ku njia yetu, kichwa kikasema kata, nikakata, nikasema samahani.

Feza alikuwa amesimama pale pale nilipomuacha, mvua yote ilimupigia pale, amelowa sawa sombe. Sijui alisimama muda gani. Hakunigombeza. Alichukua beseni, akapima unga na macho, akasema: «Umelowa.»

«Na wewe.»

«Pasikali alipiga telefone. Nilimwambia umelala.»

Nikamwambia nilifika musikitini tena. Sikutaka kumuficha. Akafunga macho. Kisha nikamweleza jua, na kona, na vile kichwa kilisema kweli, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakijawahi kutokea mu hii nyumba.

«Basi hukupotea,» akasema.

«Nilipotea.»

«Ulirudi peke yako. Pasikali alisema akipotea. Hakusema akirudi.»

Kadena haikununuliwa. Feza ni mukamwana wangu, na leo nimemwambia ninampenda. Amesema niende kubadili kitenge.

Sasa ningefurahi, si ndiyo? Ngoja kidogo.

Nilipomaliza kula nilikwenda nyuma ya jiko. Sikupanga. Miguu ilisimama, ikageuka yenyewe, na nilikuwa ninatazama kule, upande wa kweli, na Baba Pasikali alikuwa kule. Nilimusikia vile namusikia siku zote, yaani amenyamaza vizuri. Nikamupa habari za mwezi muzima. Nikamuomba anisamehe mugongo. Nilimweleza ya musikiti, nafikiri alicheka.

Kisha nikafumba macho nione nyumba yetu. Niliona ukuta. Niliona michikichi. Niliona mulango. Lakini jua la asubuhi, lile lililokuwa linaingia mpaka ku mukeka wetu, nilitafuta linaingia wapi, na mara linakuja toka mulangoni, mara toka nyuma, toka ku kaburi. Nilifungua macho haraka. Sikutaka kuona zaidi.

Sifa anasema ni uchovu. Anasema picha ya kule haifutiki. Bado anasema «ninafikiri».

Yule kuku mwekundu amelala leo ku mafiga bila kufunikwa. Mulango uko wazi, anaweza kwenda. Haendi. Nimemuuliza kama anakumbuka kwao. Ananitazama na jicho moja, sawa mutu anayejua na hataki kusema.

Jua likitoka, mbele sijafungua macho, nitalala pale pale ku mukeka na kuutafuta mulango wangu wa Wamaza tena. Nikiukuta unatazama jua, nitaamka nipeleke muhogo ku mashini, peke yangu, na kichwa kikisema kata nitakata.

Na nisipoukuta? Nitamwita Feza aje anizungushe. Lakini kwa kuume ao kwa kushoto?